Kipepeo wa Meru na Kilimanjaro, na kiwavi wa kwenye mlimao wako

Kipepeo Papilio sjoestedti hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima ya kaskazini mwa Tanzania, ikiwemo Meru na Kilimanjaro. Jina amepewa kwa heshima ya Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wadudu na wanyama katika milima hiyo mwaka 1905 na 1906. Ni kipepeo mkubwa, mweusi, mwenye madoa na mkanda wa rangi ya krimu.

Wa Kilimanjaro na wa Meru wamewekwa katika nususpishi mbili, yaani makundi mawili yanayotofautiana kidogo ndani ya spishi moja. Sababu yake huonekana kwenye basi la Arusha–Moshi: ile tambarare ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na Boma Ng'ombe, joto, ukavu, hakuna msitu. Kwa kipepeo wa misitu ya baridi, hiyo ni bahari. Akitoweka mlima mmoja, si rahisi wa mlima wa pili kuja kuziba pengo.

Usimtafute asubuhi kukiwa na ukungu. Misuli ya kurukia haifanyi kazi ikiwa baridi, hivyo hungoja jua, akalitandazia mabawa. Angalia kingo za njia na penye uwazi jua likishachomoza.

Kiwavi anayetafuna mlimao wako Njiro, Arusha, au Pasua, Moshi, kwa kawaida si wa kipepeo huyo wa mlimani, ni wa Papilio demodocus, kipepeo wa michungwa aliyejaa kila mahali. Akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani. Mguse nyuma ya kichwa: atachomoa pembe laini yenye panda mbili, ya rangi ya chungwa, inayonuka. Mche mchanga anaweza kuumaliza majani, kwa hiyo mtoe kwa mkono. Mti mkubwa unavumilia. Dawa ya kupuliza huua pia vijinyigu wanaotaga ndani ya viwavi hao, na msimu ujao viwavi huweza kuwa wengi zaidi.

Jamaa wa karibu wa kipepeo wa mlimani hutaga kwenye vichaka na miti midogo ya porini ya ukoo huohuo wa michungwa. Kama naye hufanya hivyo, hatari yake iko kwenye vichaka hivyo, kuliko kwa mkusanyaji mwenye wavu. Moto na ukataji wa majani ya ng'ombe humaliza vichaka vya chini huku miti mirefu ikibaki, na ukitazama kutoka barabarani utaapa msitu ni mzima.

Hifadhini hakamatwi bila kibali, picha inatosha. Piga picha ya mabawa upande wa juu na wa chini, kisha andika tarehe, mwinuko na jina la mlima. Bila mlima, nususpishi hubaki ya kubahatisha.