Staki ya mradi wa tovuti ni nini, na mwanafunzi achague ipi

Staki ni seti ya zana zinazotegemeana ili tovuti ifanye kazi: mfumo endeshi, seva ya wavuti, kanzidata na lugha ya programu. Inayojulikana zaidi ni LAMP, yaani Linux, Apache, MySQL na PHP. XAMPP, ambako wanafunzi wengi huanzia, inakuwekea Apache, PHP na kanzidata kwa mkupuo mmoja, hata kwenye Windows. Paneli yake imeandikwa MySQL, lakini siku hizi kilichomo ni MariaDB, iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009. Kwa mradi wa chuo, tofauti hiyo haikusumbui.

Anza na swali hili: mfumo ukishakamilika utakaa wapi? Ukiwa ni wa kuonyesha kwenye laptopu mbele ya msimamizi, tumia lugha unayoimudu. Ukitakiwa kuwa hewani, vifurushi vya bei nafuu vya kukodi seva (hosting) kwa kawaida huja na PHP na MySQL. Django (ya lugha ya Python) na Node.js (ya JavaScript) ni nzuri, ila hazikubaliki kila mahali, na wengi hulijua hilo wiki ya kuwasilisha. Uliza pia toleo la PHP: Laravel 11, fremu ya kujengea tovuti kwa PHP, haiendi chini ya 8.2.

Kisha tazama data. Chukua mfumo wa kutafuta vyumba vya kupanga Sinza na Kimara. Dalali mmoja ana vyumba vingi, chumba hupita wapangaji tofauti, na kila mpangaji ana malipo yake. Hayo ni mahusiano matupu: majedwali manne yaliyounganishwa kwa funguo yanatosha. MongoDB, kanzidata isiyotumia majedwali, hapa ni kujitafutia kazi. SQLite, ambayo Django huja nayo, inafaa kuliko watu wanavyodhani, maana kanzidata nzima ni faili moja na haihitaji seva. Udhaifu wake ni kwamba anayeandika ni mmoja kwa wakati. Wakiandika wengi kwa pamoja, baadhi watakuta imefungwa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye aina za safu (columns) za jedwali. Namba ya simu ikiwekwa kwenye INT (aina ya namba kamili), 0712 inapoteza sifuri ya mwanzo. Ukiikwepa kwa kuanza na 255, unapata tarakimu 12, wakati INT inaishia 2,147,483,647. MySQL iliyowekwa kwenye hali kali (strict mode) itakataa. Isiyo kali itapokea kimyakimya, na madalali wote watakuwa na namba moja, 2147483647. Ukiiona namba hiyo popote, ujue tatizo ni hilo. Tumia VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15. Kodi weka DECIMAL(12,2), yaani tarakimu 12, mbili zikiwa baada ya nukta, au INT kwa kuwa senti hatuzitumii, lakini kamwe si FLOAT (namba ya desimali ya kukadiria): uhakika wake ni tarakimu saba hivi.

Saa nayo ina vituko vyake. Faili la php.ini la XAMPP mara nyingi huja na majira ya Berlin, hivyo malipo ya saa nne asubuhi yataandikwa 08:00 au 09:00 kutegemea msimu wa huko. Weka date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam') mwanzoni mwa faili linaloitwa na kurasa zote.

Kuhamia kwenye seva ya Linux kuna mtego mwingine. Windows haitofautishi Vyumba.php na vyumba.php, Linux inatofautisha, na kwa kawaida hata majina ya majedwali ya MySQL. Ukurasa uliofunguka vizuri nyumbani unasema haupo. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza.

Apache ikigoma kuwaka, huenda poti 80, mlango wa mtandao inaoutumia, imeshachukuliwa na programu nyingine. Fungua httpd.conf, faili la mipangilio la Apache, badili Listen 80 iwe Listen 8080, kisha ingia kwa localhost:8080.

MySQL kugoma baada ya umeme kukatika ni jambo zito zaidi. Ushauri unaozagaa mtandaoni ni kufuta ibdata1, faili la data la MySQL. Usifute: majedwali ya InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) yanalitegemea faili hilo, na ukiliondoa MySQL inaweza kuwaka huku majedwali yako hayafunguki. Dawa ni ya kabla: kila jioni toa nakala ya .sql kupitia phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia kanzidata unaokuja na XAMPP), uitunze nje ya kompyuta hiyo.