Ati mapanga ya baharini yatamaliza pomboo? Tusikilizane kidogo

Klipu ya ule mtambo wa umeme wa mkondo wa bahari kule Uskoti, mapanga yanazunguka chini ya maji kama pangaboi, imezunguka magrupu ya Lamu na sasa kila mtu mtaalamu. Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho bado ila maneno yashafika mpaka Kizingitini, haya tuyachambue.

Ati pomboo na kasa watakatwakatwa. Ripoti ya 2020 ya OES-Environmental, kundi la kimataifa la watafiti wa athari za nishati ya bahari, ilisema kwa mitambo iliyofuatiliwa mpaka wakati huo hakuna mnyama wa baharini kama pomboo, nyangumi au sili (yule mnyama wa bahari za baridi) aliyeonekana kugongwa na panga. Pale Pentland Firth, Uskoti, kwenye mradi wa MeyGen walifunga vinasa sauti kuzunguka turbini moja, yaani mtambo mmoja wa mapanga, wakawa wanafuata milio ya pomboo wadogo wa kule, wakakuta mapanga yakizunguka wale wanakwepa.

"Si umesema mwenyewe, basi ni salama!" Polepole ndugu yangu, hapa ndipo wengi wanateleza. Chukua turbini ya SeaGen, iliwekwa Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini, 2008, mapanga ya kipenyo cha mita 16, raundi kama 14 kwa dakika. Raundi 14 ukisikia unaona ni pole, lakini piga hesabu, ncha ya panga inakimbia mita 12 hivi kwa sekunde, pikipiki ya mjini hiyo. Halafu kulikuwa na watu na sonari, chombo kinachoona kwa mwangwi wa sauti, wanachungulia, sili akisogea karibu mtambo unazimwa. Sasa ukiniambia hakuna sili aliyeumia nakuuliza, angeumia vipi na mtambo umezimwa? Sonari ilisaidia sili kweli, ila swali la kugongwa halikujibiwa pale. Na ushahidi wa turbini moja au nne usiubebe ukaupachika kwa turbini mia.

Ati ukitumbukiza kamera umemaliza kazi. Kamera inataka mwanga na maji meupe, sasa wewe nenda mlango wa Mkanda hapa Lamu maji ya bamvu yakitoka na tope la mikoko uone kama utaona hata mkono wako. Sonari inaona kwenye kiza lakini inakuonyesha kivuli tu, papa au pomboo hujui. Kinasa sauti nacho kinamsikia anayepiga mlio, na kasa si wa kupiga milio kama pomboo. Ndiyo maana wanavifunga vyote pamoja, tena wanaanza kuhesabu wanyama kabla hata chuma hakijashuka, maana nguva wetu walivyobaki wachache hivi, akipotea mmoja bila hesabu ya mwanzo utabishana na nani?

Samaki watakimbia? Kule visiwa vya Shetland, Uskoti, mtambo wa Nova Innovation, kamera zilionyesha samaki wanakusanyika maji yakipoa na mkondo ukikaza wanaondoka. Mvuvi yeyote aliyewahi kuvua karibu na merikebu iliyozama hashangai. Mimi naogopa kingine, samaki wajae pale halafu wewe na jarife lako uambiwe usikaribie.

Kelele na waya tusipoteze muda sana: kelele kubwa ni ya kugongelea nguzo wakati wa kujenga, turbini ikishaanza kazi si kitu cha kuishinda meli kubwa. Waya wa umeme, papa na wale samaki taa wanaweza kuuhisi, ila kwa mitambo michache watafiti wanaona hatari yake ni ndogo.

Na wale wanaotaja mtambo wa umeme wa La Rance, Ufaransa, ile ya 1966, lile ni boma la kuziba mlango wa mto, walipolijenga viumbe vingi vya ndani vilikufa. Hizi turbini za mkondo hazizibi kitu.

Wakija na makaratasi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, fungua kwanza ukurasa wa ufuatiliaji: wamehesabu msimu gani, nani anasoma data, na mtambo ukizimwa tutaambiwa? Kama wamehesabu kaskazi peke yake, na nyangumi wanapita kusi, warudishe wakahesabu upya.