Mita 3 au mita 6? Uliza kwanza mtungi

Wanaoanza uzamiaji wa kiufundi, ule unaomlazimu mzamiaji kusimama vituoni akipanda ili nitrojeni imtoke mwilini bila kufanya viputo vya kumdhuru, hawachoki kuniuliza: kituo cha mwisho nikae mita 3 au mita 6? Nami huwarudishia swali: hapo utakuwa unavuta gesi gani? Wengi hushangaa, maana walitarajia nianze na mawimbi. Mawimbi nitayafikia.

Juu ya maji shinikizo ni karibu bari 1, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bari 1 nyingine. Basi mita 6 ni bari 1.6, na mita 3 ni 1.3. Chukua tishu moja ya mwili ambayo bado imebeba nitrojeni ya bari 1.5. Ukivuta hewa ya kawaida mita 6, nitrojeni unayoingiza ni kama bari 1.26, kwa hiyo msukumo wa kuitoa ile ya mwilini ni 0.24 tu. Mita 3 unaingiza 1.03, na msukumo unapanda hadi 0.47. Karibu mara mbili! (Nimeuacha nje mvuke wa maji wa mapafuni, haubadilishi hoja.) Anayemalizia kwa hewa akiwa mita 6 atalipa kwa dakika nyingi.

Sasa badili mtungi. Kwa nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) yenye oksijeni asilimia 50, msukumo ni 0.70 mita 6 na 0.85 mita 3. Tofauti ipo, ila haitishi. Kwa oksijeni tupu ni 1.5 huku na 1.5 kule, kwa sababu huingizi nitrojeni hata chembe. Kina hakikuongezei kitu. Tena ukibaki mita 6, viputo vilivyokwisha kujitengeneza mwilini vinaendelea kubanwa. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipotoa majedwali yake mapya ya uzamiaji mwaka 2008 lilikifuta kabisa kituo cha futi 10, yaani mita 3, na kuishia futi 20.

Lakini oksijeni ina makali yake. Bari 1.6 ndiyo dari ambayo wengi wetu tunaikubali, na mita 6 inaigusa dari hiyo hasa. Ukizama mita moja zaidi kwa kuzubaa, uko 1.7, na degedege chini ya maji haibishi hodi: regulata, kile kifaa cha kuvutia gesi, inatoka mdomoni, basi. Kwa hiyo mita 6 naihesabu kuwa sakafu, si mahali pa kukaa. Mimi hukaa mita 5. Tazama mipaka ya muda wa kuvuta oksijeni iliyowekwa na NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga: kwa bari 1.6 ni dakika 45, kwa 1.5 ni dakika 120. Mita moja tu! Na vituo virefu nahitaji kuvikata kwa dakika 5 za gesi yenye oksijeni kidogo kila baada ya dakika 20.

Haya, bahari. Kwenye maji tulivu mita 3 ni starehe. Bahari ikichafuka, kamba ya boya inakuvuta juu na kukuachia, na hewa iliyo ndani ya suti kavu (vazi lisiloingiza maji) inatanuka upesi kuliko mkono wako unavyoweza kuifungulia. Wakati huohuo mitungi imekuwa myepesi: miwili ya lita 12 iliyojazwa bari 200 hubeba hewa ya karibu kilo 6, na sehemu kubwa ya uzito huo umeshaivuta. Nimewahi kuning'inia mita 3 nikiwa nimekumbatia kamba kama mtoto mgongoni, kisa nilipima vyuma vya uzito vya kiunoni mitungi ikiwa imejaa. Tangu siku hiyo napima ikiwa karibu tupu, kwenye kina kilekile cha kituo cha mwisho.

Kuna mtego wa kompyuta ya kuzamia pia, ile inayokuhesabia dakika za vituo. Ukiwa umeipangia mita 3 kisha ukabaki mita 6 kwa hewa au nitroksi, dakika inazoonyesha zimekadiriwa kana kwamba utapanda. Utaziona zinakokota: inasema 8, unasubiri zaidi ya 8. Haijaharibika. Kwa oksijeni hutaona tofauti ya maana.

Wapo watakaouliza habari za vituo vya kina kirefu, yaani kuanza kusimama ukiwa bado chini sana, vile vilivyovuma miaka ya nyuma. Wanamaji haohao wa Marekani walivijaribu kwa mizamio ya futi 170, muda wote wa kupanda ukiwa sawa kwa makundi mawili. Ripoti ya 2011 ilionyesha wagonjwa 11 wa ugonjwa wa viputo katika mizamio 198 ya vituo vya kina kirefu, dhidi ya 3 katika 192 ya vituo vya juu. Tangu niisome, dakika zangu nazipeleka juu.

Kwa hiyo mpango wangu una kurasa mbili. Wa kwanza ni oksijeni, kituo cha mwisho mita 6 kwenye hesabu. Wa pili ni wa siku ambayo mtungi wa oksijeni unagoma: gesi ya mitungi mikuu ya mgongoni, mita 3, na dakika zake ndefu zimeandikwa tayari, pamoja na hewa ya kuzitosha. Kama bahari ya siku hiyo hairuhusu kukaa mita 3, ukurasa wa pili haufai, na mzamio wenyewe naufupisha kabla sijavaa.

Kituo kikiisha, kutoka mita 6 hadi juu natumia dakika 6.