Picha ya kisanaa ya jengo la kale: maana yake, kwa mfano wa Boma la Tanga

Picha ya kisanaa ya jengo ni ile ambayo mpigaji ameamua ana neno gani la kusema kuhusu jengo hilo, halafu akachagua mwanga, mahali pa kusimama na vitu vya kuacha nje ya fremu ili neno hilo lisikike. Picha ya kumbukumbu ina kazi nyingine. Yenyewe inataka jengo lionekane lote lilivyo: madirisha mangapi, ufa uko wapi, paa limeezekwa kwa nini, ili fundi au mtafiti wa kesho apate cha kulinganisha.

Chukua boma la zamani la Tanga mjini, jengo la utawala la enzi za Wajerumani ambalo sasa lina makumbusho ya Urithi, yenye picha za kale na vitu vya historia ya eneo hilo. Mtu wa kumbukumbu atasimama mbali, aizunguke nyumba, apige kila upande. Wa kisanaa huenda akaondoka na kipande cha ukuta tu. Au ataingia ndani, asimame dirishani na kupiga kuelekea nje, ili mtazamaji aone mji kwa macho ya ofisa aliyekuwa akikaa humo. Mwingine atachuchumaa chini kabisa ili jengo limwelemee, kama lilivyomwelemea aliyeitwa bomani kwa shauri la kodi. Jengo ni lilelile, lakini maneno ni matatu.

Mwanga ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, na Tanga ina tabia yake. Mji uko upande wa kusini wa ghuba, kwa hiyo ukuta unaotazama bandari hutazama kaskazini. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na asubuhi huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, hivyo miale huupitia ukuta huo kwa ubavu. Mwanga wa ubavu hauna huruma. Kila lipu iliyobanduka hupata kivuli chake, na kila kiraka cha saruji hujitokeza. Kuta nyingi za kale za pwani yetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hazijanyooka kama za tofali za leo. Mawimbi yake huonekana saa hiyo tu. Desemba jua huhamia kusini, na ukuta huohuo hushinda kivulini kutwa nzima. Mtu akikuambia boma halina mvuto, muulize kwanza alikwenda mwezi gani. Bagamoyo hali ni tofauti, kwa sababu pwani yake inatazama mashariki na nyumba za ufukweni hupata jua la asubuhi mwaka mzima.

Vitabu vya ugenini husifu sana ile saa ya mwanga wa rangi ya dhahabu. Huku kwetu si saa. Jua karibu na Ikweta hupanda karibu wima, na ndani ya dakika 40 hivi tangu lichomoze limeshafika nyuzi 10 juu ya upeo. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba huwa linapita utosini kabisa, muda mfupi baada ya saa sita mchana, na roshani hudondosha kivuli kirefu chini ya ukuta. Wengi hukimbia mwanga huo. Mimi naona ni hasara, maana kivuli hicho cheusi ndicho kinachoeleza kwa nini nyumba ilipewa roshani.

Kuhusu mistari, ukiinua simu juu ili paa liingie, kuta zitaonekana zinaegemeana kama zinataka kuanguka. Lenzi haina ubovu. Kamera imelala, basi. Rudi nyuma, ishike wima, kisha ukate sehemu ya chini iliyozidi. Wapigaji wa majengo wana lenzi maalumu inayosogezwa juu bila kamera kuinama. Kama umeinamisha kwa makusudi, inamisha sana, ili ionekane ulikusudia. Na ukuta mweupe huidanganya kamera, kwa kuwa imetengenezwa kudhani kila kitu kina weupe wa wastani, ikaugeuza ukuta wa kijivu. Gusa ukuta kwenye kioo cha simu, uongeze mwanga kidogo.

Kuna wanaodhani picha ikishakuwa nyeusi na nyeupe imekuwa sanaa, au anga likitiwa buluu ambayo Mungu hakuiumba. Hayo ni mapambo. Frederick Evans, Mwingereza aliyekuwa muuza vitabu London, alipiga ngazi za kanisa kuu la Wells mwaka 1903, na picha ile inasifiwa hadi leo kwa sababu alisubiri mwanga uzifanye ngazi zilizolika na nyayo za watu zionekane kama mawimbi ya bahari. Kwa upande mwingine yuko Eugène Atget, aliyeizunguka Paris akipiga milango, ngazi na vichochoro, akiuzia makumbusho na wachoraji picha zake. Mwenyewe alisema anatengeneza kumbukumbu tu. Alifariki mwaka 1927, na mwaka 1968 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ilinunua mkusanyiko wake mkubwa. Kwa hiyo mpaka kati ya picha za aina hizi mbili unavuka hata bila mpigaji kutaka. Picha za kale zilizotundikwa ndani ya boma ziangalie kwa jicho hilo pia: nyingi za enzi ya ukoloni zilipigwa kuonyesha nguvu ya serikali, na leo tunazisoma kwa namna ambayo wapigaji hawakuipanga.

Watu je? Evans alipenda nafasi tupu. Kwa Tanga, mji wa baiskeli, kulisubiri boma libaki peke yake ni kulipunguzia ukweli. Baiskeli moja ikipita chini ya ukuta, ukubwa wa jengo unaeleweka papo hapo. Ila mtu si pambo. Ukimwona mama amekaa kivulini, "Shikamoo, naomba nikupige picha" haichukui muda.

Linabaki suala la nyaya za umeme, ambazo kila mpigaji hutamani kuzifuta. Kwa picha ya ukutani sebuleni, futa. Kama unaipeleka makumbusho, wape ile isiyoguswa, yenye tarehe na upande uliosimama, maana baada ya miaka 50 huenda nguzo ile ndiyo itakayowaonyesha picha ilipigwa lini.