Bangili inayojua kulala

Mteja akitaka bangili ya kuhesabu hatua, swali lake la kwanza huwa: prosesa ina megahezi ngapi? Mimi nataka kujua kwanza inakula nini ikiwa imelala.

Chukua nRF52832, chipu ninayoitumia sana. Ndani yake mna prosesa ya Arm Cortex-M4 ya megahezi 64. Ikilala huku saa yake ya ndani ikiendelea kuhesabu, inakula kama mikroampea 2, yaani elfu-mbili za miliampea 2,000 hazifiki hata robo: mikroampea ni sehemu moja ya elfu ya miliampea. Betri bapa ya CR2032 ina takriban miliampea-saa 225. Gawanya, unapata miaka 12 na zaidi, ya kwenye karatasi tu, maana betri yenyewe itachoka mapema. Sasa iamshe kila sekunde, ifanye kazi milisekunde 5 ikivuta miliampea 5, kisha irudi kulala. Wastani unapanda hadi mikroampea 27, na ile miaka 12 inabaki miezi 11 na ushei.

Kwa hiyo kasi si adui; adui ni muda wa kukaa macho. Prosesa ya Cortex-M0+ ni ndogo, lakini haina sakiti ya kukokotoa desimali. Hesabu moja ya desimali huifanya kwa maagizo mengi. M4 ya chipu hii inayo, humaliza upesi ikalala. Kwenye kuchuja mitikisiko ya mkono, mkubwa anaweza kula kidogo kuliko mdogo.

Bangili yangu ya kwanza ilimaliza betri kwa wiki 4. Nikailaumu chipu. Nikaunga multimita, kipimo cha umeme, kwenye njia ya betri: mikroampea 300 na kidogo, nayo imelala fofofo! (Tahadhari: multimita ikiwa kwenye mikroampea ina ukinzani wake. Chipu ikiamka ghafla volti zinashuka, inajizima na kuanza upya. Nilipoteza jioni nzima nikisaka hitilafu iliyoletwa na kipimo changu mwenyewe.) Mchawi alikuwa programu yangu: kabla ya kulala iliacha pini moja (mguu wa chipu) kwenye volti sifuri, na pini hiyo imefungwa kwenye volti 3 kupitia rezista ya kiloomu 10. Volti 3 gawanya kwa kiloomu 10 ni mikroampea 300, usiku na mchana, kama bomba lisilofungwa vizuri. Mstari mmoja wa programu ukaliziba.

Siku hizi kabla sijaagiza bodi, naandika kwanza kwenye daftari kila pini italala katika hali gani.