Uzito wa Risasi kwa Kuwinda Kulungu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea sana ni kwamba risasi nzito ndiyo humwangusha kulungu kwa uhakika. Tuchukue kaliba (kipimo cha upana wa risasi) ya .308 Winchester, inayotumiwa na wawindaji wengi: risasi ya greni 150, yaani karibu gramu 9.7, hutoka mtutuni kwa takriban mita 860 kwa sekunde, ilhali ile ya greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka kwa takriban mita 800. Ukipiga hesabu, nishati ya ile nyepesi ni kama jouli 3,600 na ya ile nzito kama 3,700, tofauti ndogo mno kuamua lolote. Kinachomuua mnyama upesi ni jeraha pana lililopita mapafuni au moyoni, na upana huo hutokana zaidi na jinsi risasi ilivyoundwa kutanuka inapoingia mwilini. Risasi ya kijeshi iliyovikwa gamba gumu hadi nchani, hata iwe nzito namna gani, yaweza kutoboa tundu jembamba na kumwacha kulungu akimbie mbali na kufa kwa mateso. Sehemu nyingi zimeikataza, na naona ni haki kabisa.

Wengine huamini kwamba risasi nzito hupenya vichaka bila kupotoka. Si kweli, risasi yoyote ikigusa kijiti yaweza kubadili mwelekeo, hivyo heri kusubiri mnyama atoke peupe.

Dai kwamba risasi nyepesi hupasuka kabla ya kufika ndani lina ukweli nusu. Ile laini yenye kiini cha madini ya risasi, ikipiga mfupa wa bega kwa karibu ikiwa bado na kasi kubwa, huweza kuvunjika vipande na kuharibu nyama nyingi, lakini ile ya shaba tupu hubaki karibu na uzito wake wote. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, risasi ya shaba yenye uzito uleule huwa ndefu zaidi, na risasi ndefu huhitaji mtutu ambao mifereji yake ya ndani imesokotwa kwa karibu zaidi, iizungushe kwa kasi ili isiyumbe hewani. Kwa hiyo aliyezoea greni 165, akihamia risasi ya shaba, mara nyingi hushuka hadi 150.

Tena, uzito ukiongezeka, bunduki hurudi nyuma kwa nguvu zaidi, na mpigaji anayeogopa pigo la begani huvuta kifyatulio vibaya. Jaribu uzito wa aina mbili au tatu kwenye shabaha, chagua unaokusanya matundu pamoja, kisha rekebisha upya darubini kabla ya kuingia porini.