Katalogi ya maktaba mtandaoni: maana yake, na kwa nini kitabu kilichopo hakionekani

Katalogi ya mtandaoni ni orodha ya vitu ambavyo maktaba inavyo na imekwisha kuviandikisha: vitabu, majarida, ramani, tasnifu, magazeti ya zamani, kanda za sauti, na siku hizi vitabu vya kielektroniki. Kwa kawaida mtu yeyote anaweza kuifungua kwa simu au kompyuta, hata kama si mwanachama. Nywila huhitajika pale tu unapotaka kuwekewa kitabu au kuongeza muda wa kuazima. Maktaba nyingi za vyuo Afrika Mashariki hutumia programu ya Koha, iliyotengenezwa New Zealand kuanzia mwaka 1999 na inayotolewa bure, kwa hiyo ukishaizoea ya chuo kimoja, ya chuo jirani haitakusumbua.

Jambo linalowapotezea watu muda ni hili: kisanduku cha kutafutia hakisomi kurasa za vitabu. Kinasoma rekodi tu, yaani maelezo mafupi ambayo mkutubi aliyaandika akiwa amekishika kitabu mkononi. Kitabu cha kurasa 400 kinaweza kuwa na rekodi ya mistari kumi na mitano: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), mada mbili tatu, na namba ya mahali kilipo kwenye rafu. Neno lisilokuwemo katika mistari hiyo halitakuletea kitabu, hata kama limetajwa mara mia ndani yake. Anayetafuta katika katalogi kwa mtindo wa Google, akaandika swali zima kama “sababu za kushuka kwa bei ya kahawa Kilimanjaro”, atapata sifuri, kwa kuwa mfumo kwa kawaida hudai maneno yote hayo yawemo kwenye rekodi moja. Andika maneno mawili, matatu yakizidi: kahawa Kilimanjaro.

Rekodi hizi hupangwa kwa utaratibu uitwao MARC, ulioanzishwa katika miaka ya 1960 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya uongozi wa Henriette Avram. Kila taarifa ina sehemu yake yenye namba: 100 ni mwandishi mkuu, 245 jina la kitabu, 650 mada, 700 mwandishi mwenza au mhariri, 020 ISBN, 856 kiungo cha nakala ya mtandaoni. Huhitaji kuzikariri. Ila kwenye Koha, ukifungua rekodi na kuchagua mwonekano wa MARC, unaona hasa maneno ambayo mkutubi aliyatumia, na mara nyingi hapo ndipo unapogundua kwa nini utafutaji wako wa kwanza haukuleta kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo, makala za majarida kwa kawaida hazimo katika katalogi. Humo utakuta jina la jarida na miaka ambayo maktaba inayo. Makala yenyewe hutafutwa kwenye hifadhidata ambazo maktaba imezilipia au kupewa, kama JSTOR au zile za mpango wa Research4Life. Sura ya kitabu kilichoandikwa na watu wengi nayo hupotea namna hiyo, isipokuwa mkutubi awe ameorodhesha sura zote. Ukiwa na rejea ya sura, tafuta jina la kitabu kizima na jina la mhariri wake. Jina la mwandishi wa sura liache.

Katalogi ina njia mbili za kuingilia. Ya kwanza ni kutafuta kwa maneno, ambako mpangilio wa maneno hauna uzito. Ya pili ni kupekua orodha iliyopangwa kialfabeti ya waandishi, majina ya vitabu au mada, au iliyopangwa kwa namba za rafu. Kupekua kunataka uanze na mwanzo wenyewe: “Nyerere, Julius”, si “Julius Nyerere”. Jina la kitabu cha Kiingereza linaloanza na The au A hutafutwa kuanzia neno linalofuata, na la Kiarabu huachwa al- ya mwanzo.

Kiswahili kina shida yake hapa, na haizungumzwi vya kutosha. Mifumo hii ilibuniwa na watu ambao lugha zao hubadilisha neno mwishoni. Ndiyo maana ya alama ya nyota: ukiandika librar* unaletewa library, libraries na librarian kwa mkupuo mmoja. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Ukiandika shairi* hupati mashairi wala ushairi. Ukiandika mwalimu* hupati walimu. Nyota ikiwekwa mbele, kama *alimu, mifumo mingi huikataa au huchelewa sana kujibu, kwa sababu faharasa yake imepangwa kwa herufi za mwanzo, na neno lisilo na mwanzo halina pa kuanzia kutafutwa.

Dawa ni kuyataja maumbo yote mwenyewe na kuyaunganisha kwa OR (yaani “au”) kwa herufi kubwa, ndani ya mabano, kisha kuongeza neno jingine la lazima kwa AND (yaani “na”):

(shairi OR mashairi OR ushairi) AND Lamu

(kilimo OR mkulima OR wakulima) AND kahawa

Kwa tungo za kale ongeza tofauti za lahaja: utenzi OR tenzi OR utendi OR tendi. Mwandishi wa Lamu aliita kazi yake utendi, na mkutubi alinakili jina kama lilivyo kwenye jalada la ndani. Vitabu vilivyochapwa kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 na kusanifisha maandishi vinaweza kuwa na tahajia nyingine kabisa. Vile vya Wajerumani vina Suaheli au Kisuaheli, kwa hiyo anayepekua katalogi ya maktaba ya Berlin au Leipzig kwa neno Swahili peke yake anaacha nyuma sehemu kubwa ya yale anayoyatafuta.

Majina ya nchi nayo ni vivyo hivyo. Kitabu cha mwaka 1955 kina Tanganyika katika jina lake, na cha mwaka 1985 kuhusu Lubumbashi kina Zaire. Ukitafuta kwa maneno ya jina la kitabu, tumia jina la nchi la wakati ule. Ukitafuta kwa mada, tumia jina la sasa.

Hapo ndipo penye nguvu halisi ya katalogi. Mada hazitoki kichwani mwa mkutubi kila siku upya. Huchukuliwa kutoka orodha sanifu, na inayotumika sana ni ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Orodha hiyo ni ya Kiingereza. Kwa hiyo hata kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, katika maktaba nyingi hupewa mada ya Kiingereza: Swahili poetry, Coffee industry—Tanzania, Kenya—History—Mau Mau Emergency, 1952-1960. Hili linaweza kuudhi, na ni haki yako kuudhika, lakini lina faida moja kubwa. Mada moja inakusanya vitabu vya lugha zote na vya tahajia zote, vya kabla ya 1930 na vya mwaka jana.

Njia ya kufanya kazi basi ni hii. Tafuta kwa maneno ya Kiswahili mpaka upate kitabu kimoja kinachofaa kweli, kimoja kinatosha. Fungua rekodi yake, shuka mpaka kwenye mada, ambazo huwa ni viungo vya kubonyeza, na ubonyeze ile iliyo karibu zaidi na swali lako. Utaletewa kila kitu chenye mada hiyo. Kisha, kama unataka vya Kiswahili pekee, chuja kwa lugha. Alama ya Kiswahili katika rekodi ni swa. Usianze na kichujio cha lugha, kwa sababu rekodi nyingine zimeandikwa eng, yaani Kiingereza, kimakosa na zitatoweka kabla hujaziona.

Jina la mwandishi nalo lina umbo sanifu moja. Riwaya za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o, tangu mwaka 1964, zilichapishwa kwa jina la James Ngugi. Katalogi iliyotunzwa vizuri huyaunganisha majina hayo mawili, ukapekua kwa lolote ukaelekezwa pamoja. Isiyotunzwa inakupa mafungu mawili tofauti. Jaribu yote mawili, na ujaribu pia bila alama za juu ya herufi na bila kile kikoma cha juu. Majina ya watu wa pwani yenye la baba na la babu huleta mkanganyiko zaidi: maktaba ya ng'ambo hutanguliza jina la mwisho, ya hapa nyumbani pengine huyaacha kama yalivyo. Kwa hao, acha kupekua na utafute kwa maneno, ukiandika majina yote bila kujali mpangilio.

Ukishapata rekodi, tazama mambo matatu kabla ya kupanda ngazi: hali ya nakala, mahali ilipo, na namba ya rafu. Hali ikisema imeazimwa, kuna tarehe ya kurudishwa, na unaweza kuomba uwekewe. Kitabu cha rejea husomwa humo humo. Mahali ni muhimu kama namba, maana vitabu viwili vyenye namba zinazofuatana vinaweza kuwa katika vyumba tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, vitabu vinavyohusu kanda hii viko katika mkusanyo wa East Africana; ukivitafuta kwenye rafu za kawaida utahangaika bure.

Namba ya rafu husomwa vibaya kila siku. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392, ushairi unakuwa 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya 896.3923. Baada ya nukta, soma tarakimu moja moja. Kwa hiyo 896.3923 iko kabla ya 896.4, ingawa macho yanaona elfu tatu na mia tisa dhidi ya nne. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge, fasihi ya Kiswahili iko PL8704. Namba hiyo ya kwanza husomwa nzima, lakini herufi na tarakimu zinazofuata nukta husomwa kama desimali: .R25 hutangulia .R6. Ukifika mahali penyewe, tazama vitabu vitano vya kushoto na vitano vya kulia, maana vimewekwa pamoja kwa sababu ya mada. Koha ina kiungo cha kupekua rafu kinachokuonyesha majirani hao kwenye skrini, kama maktaba imekiwasha.

Utafutaji ukirudisha sifuri, kagua kwanza kama kichujio cha tawi au cha aina ya kitabu kimebaki kikiwa kimewekwa; hiki ndicho chanzo cha kawaida, na hakionekani kwa urahisi kwenye simu. Kisha ondoa alama za kunukuu. Kisha jaribu ISBN bila vistari; toleo la kabla ya 2007 huwa na tarakimu 10, la baada yake 13, na rekodi inaweza kuwa na moja tu. Tasnifu mara nyingi ziko katika hazina ya kidijitali ya chuo, yenye anwani yake na kisanduku chake.

Bado hakipo? Katika maktaba kongwe, vitabu vya zamani vingine havijahamishwa kutoka kwenye kadi kuingia kwenye kompyuta, na vipya hukaa nyuma vikisubiri kuandikishwa. Muulize mkutubi kuhusu yote mawili. Na kama rekodi inasema kitabu kipo lakini rafuni hakuna kitu, mpe jina, namba ya rafu na namba ya msimbo wa mistari ya nakala hiyo. Kwa hiyo ya mwisho anaweza kuona kiliazimwa lini mara ya mwisho na kukitia katika orodha ya vinavyosakwa. Kisha tafuta kwenye WorldCat, inayounganisha katalogi za maelfu ya maktaba duniani, uone ni maktaba gani nyingine iliyo karibu yenye nakala, na uulize kwenu kama wana utaratibu wa kuazimana.